Kabla ya kujenga lambo, tuulizeni mwamba

Ndugu Mhariri,

Sisi wa Mwanza tumezaliwa juu ya mawe, ndiyo maana likitajwa lambo utasikia, "Mwamba upo, jengeni tu." Kauli hiyo imetugharimu.

Kijijini kwetu, wilayani Misungwi, tulijengewa lambo. Tuta limesimama imara hadi leo, lakini maji hayafiki Agosti. Nilishuka nyuma ya tuta nikaona yanakotokea: ufa kwenye jiwe, kiganja kinaingia, na kando yake jiwe lililooza, ukilifikicha linamong'onyoka kama sukari guru. Graniti, jiwe letu hili gumu, isipokuwa na ufa haipitishi maji. Nyufa zake ndizo zinazopitisha, na zikielekea bondeni zinakuwa mfereji.

Mwamba mbovu huweza hata kuua. Bwawa la Malpasset, Ufaransa, lilibomoka Desemba 1959, wakafa watu zaidi ya 400. Zege lilikuwa zuri. Ni mwamba wa ubavu wa kushoto wa bonde uliosogea, kwa sababu ya jinsi tabaka zake zilivyolala na ufa mkubwa uliojificha chini.

Naomba wahusika, kabla ya kumpa mkandarasi kazi, watoboe mashimo ya majaribio, wasukume maji humo kwa presha, wapime yanayopotea. Nyufa zinazozibika zizibwe kwa uji wa saruji. Zisizozibika, lambo lihamishwe. Na wazee wanaojua chemchemi zilipo waulizwe, maana mama zetu wamerudi kuteka maji kwenye vidimbwi vya mtoni, na ng'ombe wanakunywa humohumo.

Mkulima,
Misungwi, Mwanza