Kinga ya marehemu baba yako mkubwa

Likasi, Jumapili jioni

Mama,

Nimekuita Mama kama kawaida, maana una jina la bibi yako, kwa hiyo nisikilize kidogo. Unauliza ununue baiskeli ya umeme ya kiwandani, au kinga, yaani baiskeli, ya marehemu baba yako mkubwa tuifungie mota ikupeleke mjini Lubumbashi kutoka Ruashi.

Fremu yake haina neno, ni chuma kitupu. Shida ni breki. Zile za fito, zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, zilitengenezewa mtu anayekanyaga pedali, na mvua ikinyesha hata huyo hazimsimamishi. Rimu zake nazo hazipokei breki za kisasa. Mota huja ikiwa katikati ya gurudumu lake, sawa, lakini la pili utalinunua, na breki, na mikono ya kuzibana. Ukimaliza hesabu, pesa imekwenda na bado una baiskeli nzito.

Na usikubali mota ya gurudumu la mbele. Nikiwa bado fundi pale Katuba, nilimfungia mteja mmoja mota kwenye uma wa alumini, ile sehemu inayoshika gurudumu la mbele. Nati nilizikaza kwa nguvu zangu zote, nikaona inatosha. Siku ya tatu akaja akiisukuma. Ekseli ilikuwa imezunguka ndani ya mpasuo wake, ikaula ule uma kama panya anavyokula sabuni, ikajivingirishia waya mpaka ukakatika. Sikuweka mkono wa chuma wa kuizuia ekseli isizunguke. Nilimlipa, na mama yako hajaacha kunikumbusha.

Ya kiwandani itakustarehesha mwanzoni. Ila mara nyingi betri yake ina umbo lake na kufuli lake. Ikifa, nyingine ya dukani haiingii. Kobalti ya kutengenezea betri inachimbwa huku kwetu, halafu betri inaturudia na bei ya mgeni!

Mimi ningetafuta baiskeli ya kawaida ya mtumba, fremu ya chuma, breki za diski mbele na nyuma, kisha mota ya wati 250 gurudumu la nyuma. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 inabeba wati-saa 360. Ukisaidia kukanyaga, kilomita moja inakula kama wati-saa 12 hadi 15, basi una kilomita 25 hivi. Umeme ukikatika usiku hutakwama kesho yake, maana pedali bado zipo. Chaja iwe ya betri hiyohiyo, ile inayofika volti 42 betri ikijaa, na usiiache ikichaji umelala.

Kinga ya baba mkubwa mpe mdogo wako, ananisumbua kila siku.

Ukiipata hiyo ya mtumba, nipigie. Nitapanda basi Jumamosi na spana zangu. Nati ya nyuma asiiguse mtu kabla sijafika.

Baba yako