Fildi ya mdogo wangu Ujerumani inanimalizia mtaji, niseme au ninyamaze?

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33 na kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapa Lindi mjini. Nakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kike anayesoma Berlin, na siri tunayoitunza wawili, ambayo sasa imenielemea.

Aliondoka Oktoba 2023. Ili apate viza alitakiwa kuweka benki fedha ya kujikimu mwaka mzima, euro 11,208, kwenye akaunti ya kufungwa ambayo mwenyewe anaachiwa 934 tu kila mwezi. Kwa shilingi ilikuwa karibu milioni 30. Kwetu Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na mjomba alisimama kweli kweli. Aliuza shamba la mikorosho huko Nyangao, mikorosho aliyoipanda yeye na marehemu babu. Wengine tulichanga tulichokuwa nacho. Fedha ile iliisha ndani ya mwaka kama ilivyopangwa, lakini nyumbani wapo wanaoamini mpaka leo kwamba imekaa benki inazaa.

Mwaka wa pili alifanya vibarua. Wanafunzi wa kigeni kule wanaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Akawa anatuma 250,000 kila mwezi kupitia kwangu, laki moja ya mama, laki na nusu ya mjomba. Nikimpelekea mama, alikuwa anamwombea dua kwa sauti mpaka majirani wanasikia.

Oktoba iliyopita akaingia fildi. Chuo chake kinadai muhula mzima wa mafunzo kwa vitendo, bila hayo hupati shahada. Yuko maabara ya kupima maji, Jumatatu hadi Ijumaa, kutwa nzima, bila malipo. Sheria yao ya kima cha chini haimgusi mwanafunzi ambaye fildi yake ni ya lazima ya chuo. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Desemba kule jua linatoka saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama, kwa hiyo anakwenda gizani na kurudi gizani. Jumamosi na Jumapili anaosha vyombo mgahawani, na anachopata kinaishia kwenye kodi ya chumba na bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi ni lazima. Novemba alinitumia ujumbe wa sauti akiwa kwenye treni, analia taratibu ili watu wasimgeukie, ananiambia mikono imepasuka kwa sabuni na baridi na bado usiku ana ripoti ya chuo ya kuandika. Sijaufuta. Nausikiliza kila nikifunga kibanda.

Anti, hapa hapa Lindi vijana wa vyuo wanakuja fildi maofisini na hakuna mzazi anayewauliza mshahara. Wanatumiwa nauli na ya kula. Lakini fildi ya Ulaya nyumbani inaitwa kazi. Jirani mmoja alisikia kwamba kima cha chini Ujerumani mwaka 2025 ni euro 12.82 kwa saa, akapiga hesabu ya wiki ya saa 40 mbele ya mjomba, ikaja zaidi ya milioni sita kwa mwezi. Hesabu ile haijamtoka mjomba kichwani.

Halafu ile picha. Siku moja mdogo wangu alikwenda makumbusho kumtazama yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba hapa kwetu kati ya 1909 na 1913, wazee wetu wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Akapigwa picha pale, amevaa koti refu la kuazima. Mjomba ameisafisha, ameitundika sebuleni, na kila mgeni anaambiwa: "Mifupa yetu ilikwenda haikurudi. Huyu mpwa wangu atarudi na kitu."

Mwisho wa Oktoba hakuna kilichoingia. Mama aliuliza mara moja tu, kwa upole, nikashindwa. Nikatoa laki mbili na nusu kwenye mtaji wangu, nikasema imetoka Berlin. Nikafanya hivyo Novemba, Desemba na Januari. Milioni moja, Anti, kwenye mtaji wa milioni mbili na nusu. Na ulikuwa msimu wa korosho, wakulima wamelipwa wanakuja kutoa fedha, ndio wakati wakala anapata kamisheni. Mimi nilikuwa nawaambia mtandao unasumbua, kumbe keshi imeniishia. Mtaji huo alinipa mume wangu baada ya kuuza mashine ya boti yake. Hajui lolote.

Sasa mjomba amechukua bati dukani kwa mkopo akitegemea mshahara wa Berlin, na ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kupanga mdogo wangu awe anatuma kiasi gani. Mdogo wangu mwenyewe ameniapisha nisiseme. Anasema fildi inaisha Machi, atarudi kwenye vibarua, na kwamba mjomba akijua alikuwa anafanya kazi bure ataona shamba lake limepotea. Mimi naamini halijapotea. Akihitimu, sheria ya kule inampa miezi 18 ya kutafuta kazi ya fani yake, na fildi hii ndiyo atakayoionyesha kwa waajiri. Lakini nani atamweleza mjomba hayo?

Nilitaka nianze na mama, maana kwetu neno zito kwa mjomba hupitia kwa dada yake. Ila mama ana presha. Nikafikiria nipande gari niende Nyangao kabla ya kikao, nimwekee mjomba ule ujumbe wa sauti ausikie mwenyewe. Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu kilio kile niliaminiwa mimi. Na mume wangu je? Akiyasikia haya kutoka kwa watu wa ukoo wangu, sitaweza kumtazama usoni.

Nishauri, Anti. Nivunje kiapo cha mdogo wangu, au nimbane aseme mwenyewe? Nianze na nani? Zimebaki wiki mbili. Leo asubuhi mama amepita kibandani, ameuliza kama ya mwezi huu imeingia, nikamwambia arudi kesho.

Dada Mtu,
Lindi