Mganga si mchawi: barua kwa Mama Nasra

Morogoro, Jumapili jioni

Mama Nasra, shoga yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Chake Chake, wewe, baba yao na watoto. Sisi hatujambo. Masika yametunyeshea vya kutosha. Asubuhi milima ya Uluguru huwa haionekani kwa mawingu, na mahindi ya nyuma ya nyumba yamesimama vizuri. Mama anakusalimu, na bado anaikumbuka ile halua uliyomletea.

Uliniuliza kwenye simu nimejifungia na nini hata meseji zako zinakaa siku mbili bila jibu. Nilikwambia "kazi tu", lakini haikuwa kazi tu. Jambo lenyewe linataka utulivu, ndiyo maana nimekaa kitako nikuandikie kama zamani.

Jumanne ya juzi alikuja kaunta ya maktaba yetu binti mmoja wa mwaka wa tatu. Anafanya utafiti wa waganga wa tiba asili na jinsi wanavyoshirikiana na zahanati za vijijini. Akaniambia, "Dada, nimetafuta siku mbili, hamna kitu." Nikamwambia andika tena kwenye kompyuta ya katalogi, ile orodha ya vitabu vyetu vyote, nione. Akaandika "mganga". Sufuri. Nikamwambia andika "waganga". Vikaja vitu viwili. Nikaandika mwenyewe "uganga", ikatokea ripoti moja nene, nzuri kabisa kwa kazi yake, na ilikuwa kwenye rafu hatua kumi kutoka pale tuliposimama. Binti alishukuru mpaka nikaona haya. Siku mbili za mtoto wa watu zimepotea kwa sababu ya silabi moja mwanzoni mwa neno, na mimi ndiye niliyekabidhiwa mlango huo.

Jioni nikaifuatilia ile ripoti mpaka kwenye kadi yake ya zamani. Makabati ya kadi bado tunayo, yamesukumwa nyuma ya chumba cha magazeti. Kadi imepigwa taipu, pembe zake zimelainika kama kitambaa kwa vidole vya watu, na chini ina lile tundu la kupitishia chuma. Mwandishi, jina la ripoti, mwaka, idadi ya kurasa, vyote sawasawa. Halafu juu, kwa wino mwekundu na herufi kubwa, kichwa cha mada, lile neno la kumwonyesha msomaji kitabu kinahusu nini, kwa Kiingereza, na maana yake ni uchawi. Hakikuandikwa uganga wala tiba. Na tulipohamishia kadi kwenye kompyuta, kila kitu kilinakiliwa kama kilivyokuwa, kwa hiyo uchawi huo upo mpaka leo kwenye skrini.

Wewe wa Pemba sina haja ya kukueleza. Mganga huitwa kwa sababu watu wanamwogopa mchawi. Kuwaweka wote wawili kwenye droo moja ni kama kumwandika polisi kwenye orodha ya wezi kwa kuwa alionekana mahali palipoibiwa. Aliyepiga taipu kadi ile huenda hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na orodha ya vichwa vya mada kutoka ng'ambo mbele yake, akachagua kilicho karibu. Nasi tulipokuwa masomoni tulifundishwa kuifuata orodha. Sikumbuki siku hata moja tulipofundishwa kuihoji.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma usiku, na nimegundua kwamba taaluma yetu ina tawi zima la utafiti linalouliza hilo tu: nani anavipa vitabu majina kwenye katalogi, na majina hayo yanamfungulia nani na kumfungia nani. Na katika chimbuko la tawi hilo kuna maktaba ya Kiafrika. Sanford Berman, mkutubi Mmarekani, alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, mwishoni mwa miaka ya 1960. Orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, hiyohiyo tunayoitumia sote, ilikuwa na kichwa cha mada "Kafirs" kwa ajili ya watu weusi wa kusini mwa Afrika. Wenzake Wazambia ndio waliomfumbua macho kwamba neno lile ni tusi. Alianza kulalamika kwa barua kwenye jarida la wakutubi mwaka 1969, na mwaka 1971 akachapisha kitabu kizima kinachopitia kichwa kimoja baada ya kingine: wanawake, Wayahudi, Waafrika, maskini. Alipendekeza mabadiliko 225.

Hebu fikiria safari ya neno hilo. Kwa Kiarabu ni asiyeamini. Pwani tukalichukua, nasi tunasema kafiri kwa maana ileile ya dini. Wareno wakalipata kwa wafanyabiashara Waislamu wa pwani hii, likashuka kusini, na huko wazungu wakalifanya tusi la rangi ya mtu. Kutoka hapo likapanda mpaka Washington na kuwa kichwa cha mada, kisha likarudi Afrika kwenye kadi, safi, limepigwa taipu, kana kwamba ni jina la haki la mtu. Nilipolisoma hili niliifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo.

Mwaka 2005 mtafiti mwingine, Steven Knowlton, alirudi kwenye yale mapendekezo 225 kuhesabu yaliyotekelezwa. Alikuta 88 yamebadilishwa karibu kama Berman alivyotaka na 54 kwa sehemu tu. Vichwa 80 vilikuwa havijaguswa. Miaka zaidi ya thelathini, mwenzangu! Wala usidhani ni habari za kale. Mwaka 2014 wanafunzi wa Chuo cha Dartmouth huko Marekani walidai kiondolewe kichwa cha mada kinachowaita watu "wageni haramu". Mwaka 2016 Maktaba ya Bunge ikakubali, wabunge wakaingilia kati, jambo likakwama, na hatimaye Novemba 2021 kikagawanywa kuwa "wasio raia" na "uhamiaji haramu". Miaka saba kwa maneno mawili. Mimi sioni ni mzaha wa wasomi. Wabunge hawagombanii neno lisilo na uzito.

Sasa nirudi kwa yule binti, maana kisa chake kina upande wa pili, na huo ndio unaonikosesha usingizi zaidi. Unajua tunavyowafundisha wasomaji kuweka kinyota: andika mwanzo wa neno, kinyota kitakuletea mikia yote. Kwa Kiingereza inafaa, lugha ile hubadilika mkiani. Kuna kanuni ya kukata mikia hiyo aliyoichapisha Martin Porter mwaka 1980, na imeingia katika mitambo mingi sana ya kutafutia. Lakini Kiswahili hubadilika kichwani. Mtoto, watoto, kitoto, utoto. Ukuta, kuta. Jino, meno. Weka kinyota baada ya "mtoto" upendavyo, "watoto" hawaji. Miaka yote hii nimesimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza nikiwafundisha kifaa kilichochongwa kwa lugha nyingine, nikawaacha wadhani wao ndio hawajui kutafuta.

Dawa yake inajulikana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ameshughulika tangu miaka ya 1980 na programu inayolichambua neno la Kiswahili mpaka kwenye mzizi wake, na huko Helsinki kuna hazina ya matini za Kiswahili yenye maneno kama milioni 25. Kazi hiyo bado haijafika kwenye kisanduku cha kutafutia cha maktaba yangu, na nadhani hata cha kwenu. Nimemwomba kijana wetu wa kompyuta tuanze na jambo dogo: kila kichwa cha mada kiandikwe kwa umoja na wingi, mganga na waganga, mpaka tutakapopata kilicho bora. Tumeshafanya hivyo kwa rekodi za afya.

Lipo na la majina, nitalipitia mbio. Shaaban Robert nimemkuta kwetu mahali patatu: kwenye R, kwenye S yenye koma, na kwenye S bila koma. Majina yetu mengi ni jina la mtu na la baba yake, na mashine inataka ukoo. IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, ina mwongozo wake wa majina ya watu wa kila nchi, toleo la nne ni la 1996, nao unasema katalogi ifuate desturi ya mwenye jina. Basi tukubaliane desturi yetu tuiandike. Na kuhusu Dewey, ule mfumo wa namba za kupangia vitabu rafuni, angalia tu mia mbili, namba za dini: kuanzia 220 hadi 280 ni Ukristo, dini nyingine zote zimebanwa kwenye 290, Uislamu 297, na dini za jadi za Afrika nzima zimepewa 299.6. Namba hizo siwezi kuzibadili kesho asubuhi. Maneno naweza.

Maana wapo walioweza. Unaijua Koha, programu ya kuendeshea maktaba tunayoitumia hapa? Ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba ndogo za Horowhenua, New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000, na jina lake ni la Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, maana yake zawadi. Wamaori haohao wana orodha yao ya vichwa vya mada, Ngā Ūpoko Tukutuku, kwa lugha yao na kwa mpangilio wa ulimwengu kama wanavyouona wao, na Maktaba ya Taifa ya nchi hiyo ni mshirika wa kazi hiyo. Hawakuishia kutafsiri orodha ya Washington. Walianza na maneno ya watu wenyewe na uhusiano wa maneno hayo. Sisi tumepokea zawadi ya programu. Na wazo hili nalo tulipokee.

Kwa nini nina haraka? Sababu ni mashine. Maktaba ya Taifa ya Finland ina programu iitwayo Annif, inayosoma maandishi na kupendekeza vichwa vya mada yenyewe, na Maktaba ya Taifa ya Ujerumani nayo inaitumia. Ni huru, yeyote anaweza kuichukua, na kwa maktaba yenye wakutubi watatu kama yangu ni msaada mkubwa. Lakini hujifunza kutoka kwenye rekodi zilizokwisha kuandikwa. Tukiilisha rekodi zetu kama zilivyo, itajifunza kwamba mganga ni uchawi, na itabandika neno hilo kwenye kila ripoti ya tiba asili itakayoingia. Kosa la kadi moja litakuwa kosa la rafu nzima, na hakutakuwa na wino mwekundu wa kumshtua mtu. Kadi zisafishwe kwanza.

Basi hapa ndipo nakuhitaji. Mwaka 1987 mtafiti Furnas na wenzake watatu walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wawili wakitakiwa kukipa jina kitu kilekile, uwezekano wa kuchagua neno moja hauzidi asilimia 20. Hao ni watu wa lugha moja. Sasa mimi wa Morogoro nitakaaje mezani peke yangu niamue neno la kutumia kwa msomaji wa Pemba, wa Tanga au wa Kigoma? Nimenunua daftari la kurasa mia, liko kaunta pembeni ya muhuri wa tarehe. Kila msomaji anayeuliza kwa Kiswahili, naandika neno alilolitamka, kabla sijalitafsiri kichwani kwa mazoea. Wiki ya kwanza tu nimeandika "dawa za miti", "dawa za kienyeji", "miti shamba" na "tiba za babu", zote zikitafuta rafu moja.

Nunua na wewe daftari, nitakurudishia hela. Andika kama msomaji anavyosema, usimsahihishe. Kwenu nakumbuka mnatofautisha mganga wa kitabu na mganga wa pepo. Hilo kwetu halimo kabisa, na ni tofauti ambayo mtafiti angeililia. Niandikie hayo, na ya uvuvi, karafuu, vyakula, ndoa, ngoma. Andika pembeni nani alisema: mzee, mwanafunzi, mama wa sokoni. Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa unitumie kwa simu. Tukifikisha maneno ya kutosha tutakaa na wenzetu wa Dar na wa Unguja tuyapange. Yale yasiyokuwamo kabisa kwenye orodha ya Maktaba ya Bunge tutayapendekeza rasmi. Wana mpango wa kupokea mapendekezo kutoka maktaba za nje, na ofisi yao ipo Nairobi tangu 1966, inanunua vitabu vya kwetu kila mwaka. Wanaponunua kitabu cha Kiswahili, wapate na neno lake.

Ile ripoti nimeshaibadilisha. Sasa inapatikana kwa mganga, waganga, uganga na tiba asili. Kadi yake nimeitoa kwenye chuma nikaiweka ndani ya daftari, ukurasa wa kwanza.

Nasra mwambie shangazi anamsubiri likizo ya Desemba, chumba kipo. Na usisahau kunitumia lile neno la bibi yako la mwenye kutazamia kwa mchanga, nimelisahau na ninalihitaji.

Wako akupendaye,
mwenzako wa Morogoro