Majibu ya IgE yasimnyime mtoto chakula

Mhariri,

Wazazi wengi wakipokea karatasi ya maabara ya IgE, kipimo cha damu cha mzio (aleji), yenye neno "chanya" mbele ya maziwa, mayai na karanga, huviondoa vyote siku hiyohiyo. Tunawasihi wasubiri, kwanza wajibu swali hili: mtoto akila chakula hicho hupatwa na nini, na baada ya muda gani?

Kingamwili ya IgE huonyesha kwamba mwili umekitambua kitu na kujiandaa dhidi yake. Huko bado si kuugua. Wapo watoto wenye IgE ya mayai wanaokula mayai wasitoke hata kipele. Ile 0.35 (kilouniti kwa lita) inayotumiwa na maabara nyingi ni mpaka wa kuandika "chanya", si mpaka wa ugonjwa. Namba ikipanda, uwezekano wa mzio wa kweli huongezeka, ila haitabiri ukali wa shambulio.

Wenye ukurutu ndio huumia zaidi. IgE yao ya jumla, yaani yote iliyomo kwenye damu, mara nyingi iko juu sana, hivyo wakipimwa vyakula vingi kwa mkupuo hutoka chanya tele zisizo na maana. Mtoto aliyekuwa akinywa maziwa bila shida, akinyimwa kwa miezi, mwili wake unaweza kuacha kuyavumilia, na siku anapoyaonja tena akapata shambulio la hatari. Utafiti wa LEAP uliochapishwa mwaka 2015 ulihusu watoto wa miezi 4 hadi 11 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai: waliolishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga pungufu kwa takriban asilimia 80 kuliko walioepushwa nazo.

Minyoo nayo hupandisha IgE ya jumla na eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Eosinofili zikizidi 500 kwa mikrolita, choo kipimwe kabla ya kulaumu mzio. Steroidi za kumeza hushusha eosinofili ndani ya saa chache tu, kwa hiyo dawa zote ziandikwe kwenye fomu. Dawa za antihistamini haziharibu kipimo cha IgE cha damu; yanayoharibika ni majibu ya kipimo cha kuchoma ngozi kwa sindano, ndiyo maana dawa hizo huachwa takriban wiki moja kabla, kwa maelekezo ya daktari.

CRP, protini ya damu inayoonyesha uvimbe au maambukizi mwilini, ni habari nyingine kabisa. Hutengenezwa na ini, huanza kupanda saa chache baada ya mwili kushambuliwa, hufikia kilele siku ya pili, kisha chanzo kikiisha hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Mzio wa kawaida hauisukumi mbali. Mtoto wa pumu mwenye homa na CRP ya miligramu 80 kwa lita achunguzwe maambukizi ya bakteria, hasa kwenye mapafu. ESR, kipimo cha kasi ya chembe nyekundu za damu kutuama kwenye mrija, haisaidii sana hapa, kwani upungufu wa damu peke yake huipandisha.

Kipimo cha IgG (kingamwili ya aina nyingine) ya vyakula kinachouzwa kama kipimo cha mzio kikataliwe. Huonyesha tu kwamba mtoto amewahi kukila chakula hicho.

Kwa maabara tuna ombi moja: fomu ya IgE iwe na nafasi ya lazima ya dalili na muda wake tangu mtoto ale, na vipimwe vile tu vinavyoshukiwa.

Wahudumu wa kliniki ya mzio ya watoto