Tarehe Yako Haina Kosa

Septemba 29

Swahiba wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikaacha kucheka. Wewe uliyekuwa ukitusimanga sote kwa kuogopa mlio wa bundi, leo unaogopa kalenda! Unasema mwaka huu hutaki hata salamu za kuzaliwa, kwa kuwa mtu amekuorodheshea maafa yaliyotokea tarehe 8 Oktoba, na tangu hapo unajiona umezaliwa siku ya nuksi.

Nianze kwa kukubali kwamba orodha yenyewe ni ya kweli. Nimeipitia tukio kwa tukio, na siku mbili hizi nimelala nikiwaza watu waliokufa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Lililonikosesha usingizi zaidi ni la mwaka 1871. Jumapili ile, 8 Oktoba, ziliungua sehemu mbili za Marekani usiku mmoja: Chicago, ambao kila mtu ameusikia, na Peshtigo, mji mdogo wa wapasua mbao huko Wisconsin, ambao ni wachache wanaoutaja. Chicago walikufa watu wapatao 300. Peshtigo na vijiji vyake walikufa si chini ya 1,200, na wapo wanaofikisha 2,500. Maiti zaidi ya 350 zilizikwa kaburi moja, kwa sababu hakubaki mtu hai wa kusema huyu ni fulani. Mji wote ulikuwa mbao: nyumba mbao, njia za kupita watu mbao, na vumbi la msumeno limetapakaa kila mahali. Waliokimbilia mtoni, wengine waliokoka kwa kujizamisha na kuibuka, wengine walikufa maji, na wengine waliuawa na baridi ya maji yale huku hewa juu ya vichwa vyao inawaka. Hebu fikiria kufa kwa baridi katikati ya moto.

Waya wa telegrafu nao uliungua, kwa hiyo habari ilichelewa kutoka. Ilipotoka, magazeti yalikwisha jaa Chicago. Ndiyo maana mji uliopoteza wachache unakumbukwa na uliopoteza wengi umesahaulika, jambo ambalo mpaka sasa linanikera kuliko nuksi yako yote.

Sasa kwa nini usiku mmoja? Hapa mtu wako wa orodha angekuambia ni siku mbaya. Lakini tangu kiangazi mvua ilikuwa imeadimika katika eneo lote lile. Watu waliendelea kuchoma visiki na vichaka ili kusafisha mashamba na kupitisha reli, moto mdogo hapa, mwingine pale, hakuna aliyejali. Kisha upepo mkali ukavuma juu ya eneo zima kwa pamoja. Miji mingine ya Michigan iliungua siku hiyohiyo. Tarehe ilikuwa moja kwa sababu ukame ulikuwa mmoja na upepo mmoja. Na wazima moto wa Chicago walikuwa hoi, maana usiku uliotangulia walikuwa wamepambana na moto mwingine mkubwa.

Ila binadamu haridhiki na ukame. Chicago walimsingizia ng'ombe wa Catherine O'Leary kwamba alipiga teke taa. Mwaka 1893 mwandishi mmoja wa habari alikiri kuwa hadithi ya ng'ombe ilikuwa ya kutunga, lakini mama wa watu alikwisha chafuliwa jina, na baraza la jiji halikumsafisha mpaka 1997. Mwaka 1883 akatokea mwingine akadai mioto yote ile ililetwa na vipande vya nyota yenye mkia. Unaona uliko? Uko kwenye foleni moja na mtu wa nyota.

Haya, yaliyobaki katika orodha yako. London, 1952, stesheni ya Harrow na Wealdstone: treni ya usiku kutoka Perth ilipita taa za hatari ikaivaa kwa nyuma treni iliyojaa watu waendao kazini, na kabla vumbi halijatua, treni ya kwenda Liverpool ikaja upande wa pili ikajitupa katika mabaki hayo. Walikufa 112. Milan, uwanja wa ndege wa Linate, 2001: kwenye ukungu mzito, ndege ndogo ilipotea njia ikaingia mbele ya ndege ya abiria iliyokuwa inapaa. Walikufa 118, wakiwemo wanne waliokuwa kwenye jengo la mizigo. Kashmir, upande wa Pakistan, 2005: tetemeko la ukubwa wa 7.6, waliokufa zaidi ya 73,000.

Nakujua. Utaniambia tazama saa. Linate ilikuwa saa 2:10 asubuhi, Harrow saa 2:19, Kashmir saa 2:50. Mimi mwenyewe nilipoziandika kwenye karatasi moja, nywele zilinisisimka kidogo. Kisha nikaanza kuuliza saa mbili asubuhi watu huwa wapi. Huwa kwenye treni wakienda kazini, kwenye ndege ya kwanza ya biashara, darasani. Na asubuhi za Oktoba kule Ulaya ndizo za ukungu. Linate haikuwa ukungu tu: rada ya ardhini ya zamani ilikuwa imeondolewa na mpya haijaanza kazi, alama za njia zimechakaa, na rubani wa ndege ndogo akafuata njia R6 badala ya R5. Vitu hivyo vingeua hata tarehe 9.

Kashmir ndiyo ngumu kuisema. Tetemeko halina saa; bara Hindi linaisukuma Asia sentimita chache kila mwaka, usiku na mchana, na mwamba ukichoka unakatika. Lakini ilikuwa Jumamosi ya shule, mwezi wa Ramadhani, watoto wako darasani na watu wazima wengi wamerudi kulala baada ya daku. Shule zilijengwa vibaya. Maelfu ya watoto walibaki chini ya dari zao wenyewe, na mji wa Balakot karibu wote ukalala chini. Ukitaka cha kulaumu hapo, laumu zege na nondo kabla ya tarehe.

Nikatazama na siku yangu, 26 Desemba, nikajuta. Jumba la maonyesho la Richmond, Virginia, 1811, moto, watu 72, gavana miongoni mwao. Bam, Iran, 2003, tetemeko, zaidi ya 26,000. Mwaka mmoja kamili baadaye, tsunami ya Bahari ya Hindi, takriban 227,000, mawimbi yakafika mpaka Somalia. Abule Egba, Lagos, 2006, bomba la mafuta lililotobolewa lililipuka watu wakichota, zaidi ya 260. Ukijilinganisha nami, swahiba, wewe umezaliwa siku ya neema.

Na yeyote utakayemuuliza atakuletea mzigo wake. Tarehe ni 366 tu, na maafa hayahesabiki. Ukikusanya watu 23 chumbani, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unazidi nusu. Sasa mwaga miaka mia tatu ya ajali juu ya kalenda uone kama kuna siku itakayobaki safi.

Moja tu nitakuachia, kwa sababu sipendi kukushinda kwa hila. Mexico, 19 Septemba 1985, tetemeko lililoua maelfu. Tangu hapo kila mwaka tarehe hiyo nchi nzima hufanya zoezi la kujiokoa. 19 Septemba 2017 walifanya zoezi saa 5 asubuhi. Saa mbili baadaye ardhi ikatetemeka kwelikweli, wakafa watu wapatao 370. 19 Septemba 2022, zoezi tena, na kabla ya saa moja kwisha tetemeko la 7.7, wakafa wawili. Wanasayansi wanasema ni sadfa na naamini. Lakini ningekuwa Mexico, tarehe hiyo ningelala na viatu miguuni. Basi cheka na wewe, zamu yako.

Pale Harrow, muuguzi Mmarekani, Abbie Sweetwine, alipita jukwaani kati ya majeruhi akiwawekea alama kwenye paji la uso kwa rangi ya mdomo, ili wanaofuata wajue nani amekwisha hudumiwa. Sijui kwa nini nakuandikia hili. Labda kwa sababu orodha uliyopewa ilikuwa na idadi ya wafu tu, na mimi nilitaka uwe na mtu mmoja aliye hai ndani yake.

Tarehe 8 nitakupigia simu saa mbili na dakika kumi na tisa kamili. Usipopokea nitajua umelala, maana hujawahi kuamka mapema siku yako ya kuzaliwa tangu nikujue.

Wako wa siku zote,
Yule wa 26 Desemba