Tuache kuwauliza watoto "mmeelewa?"

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na walimu wenzangu, na wazazi wenye watoto wa Kidato cha Nne msimu huu wa mitihani. Nimefundisha Baiolojia miaka 29 katika shule za sekondari mkoani Tanga. Sasa nimestaafu, nipo Korogwe na wajukuu.

Likizo iliyopita mjukuu wangu wa Kidato cha Tatu alikaa barazani na daftari lake tangu baada ya chai mpaka adhuhuri. Mada ilikuwa mzunguko wa damu. Daftari safi, vichwa vyote vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, mchoro wa moyo umepakwa rangi. Nikamuuliza, "Umeelewa, mama?" Akajibu, "Nimeelewa yote, bibi." Na kweli, nilipomuuliza ateri ni nini, alitiririsha sentensi ya Kiingereza kama ilivyo daftarini, hakukosea hata nukta.

Nikamwambia afunge daftari. Nikampa karatasi tupu na penseli: chora moyo, kisha nisimulie kwa Kiswahili, tone moja la damu likitoka kwenye kidole cha mguu linapita wapi mpaka lirudi kidoleni? Akachora. Akalipandisha tone lake mpaka upande wa kulia wa moyo, akalishusha chemba ya chini, halafu penseli ikasimama. Baada ya muda akalivusha moja kwa moja kwenda upande wa kushoto, kwa kutoboa ukuta wa katikati. Mapafu hayakuwemo kabisa katika safari ile. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga. "Lakini bibi, nilikuwa najua."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mtoto hakudanganya. Alikuwa na hakika anajua, kwa sababu macho yake yalishapita pale mara nyingi mpaka pamekuwa kama njia ya nyumbani. Anayesoma daftari likiwa wazi hana namna ya kutambua kipi kimeingia kichwani na kipi kimebaki kwenye karatasi.

Wanasaikolojia wanaita jambo hili metakognisheni, yaani mtu kuitazama akili yake mwenyewe na kupima inajua nini na haijui nini. Anayetajwa kulianzisha neno hilo ni Mmarekani John Flavell wa Chuo Kikuu cha Stanford, miaka ya 1970. Katika makala yake ya mwaka 1979 alieleza jaribio moja: watoto walipewa vitu wavisome mpaka wajione wako tayari kuvitaja vyote bila kukosa. Wakubwa wakisema wako tayari, kwa kawaida walikuwa tayari. Wadogo nao walisema wako tayari, kumbe bado. Niliposoma habari hiyo nilikuwa nimeshafundisha zaidi ya miaka kumi, na nililiona darasa langu zima mle ndani.

Maana sisi tunafanyaje? Mwalimu anamaliza kueleza, chaki mkononi, anageuka: "Tumeelewa?" Darasa linaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Kengele inalia. Nimefanya hivyo maelfu ya mara, na swali lile halikunipimia chochote. Anayejua anasema ndiyo. Anayedhani anajua anasema ndiyo. Na anayejua kuwa hajui anaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu anajua kitakachompata akisema hapana.

Hilo la mwisho linaniuma mpaka leo. Kulikuwa na mvulana wa Kidato cha Pili, dawati la nyuma karibu na dirisha. Siku moja, kipindi cha mwisho, jua kali, alinyoosha mkono akasema hajaelewa tofauti ya osmosisi na difusheni. Nilikuwa nimechoka. Nikamjibu, "Wenzako walipokuwa wanasikiliza wewe ulikuwa wapi?" Darasa likaangua kicheko. Mwaka ule wote na uliofuata hakuninyooshea mkono tena. Katika wanafunzi zaidi ya 70, yeye peke yake ndiye aliyejipima akaliona pengo lake, na kuliona pengo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, nami nikamwadhibu kwa kazi hiyo. Tunawaambia watoto kuuliza si ujinga, kisha anayeuliza tunamfanya mjinga mbele ya wenzake.

Siku hizi vinauzwa vijitabu vya mitihani ya miaka iliyopita, kila swali na jibu lake chini. Nimemtazama mtoto wa jirani akikisoma cha kwake: jicho kwenye swali, jicho kwenye jibu, "ah, hili nalijua," ukurasa unafunuliwa. Nikaliziba jibu kwa kiganja, akanyamaza. Mzazi ametoa hela, mtoto amekesha, na kilichoongezeka ni imani tu kwamba anajua.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, walitoa matokeo ya jaribio ambalo ningependa kila mwalimu alifahamu. Kundi moja la wanafunzi wa chuo lilisoma habari fulani kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu vikawa vya kuandika wanachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma tu walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, wenzao 61. Na hao waliosoma tu ndio waliokuwa wametabiri kwamba watakumbuka zaidi.

Marehemu babu yangu, aliyesomea chuo cha Kurani Pangani, alikuwa akisimulia kwamba mtoto haoshi ubao wake mpaka amsomee maalim kwa moyo. Hapakuwa na nafasi ya kudhani.

Nitaambiwa mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kumsikiliza kila mmoja. Ni kweli, na ndiyo sababu ninataka mtoto mwenyewe afundishwe kujiuliza. Miaka yangu mitano ya mwisho kazini nilifanya hivi: dakika tano kabla ya kengele madaftari yanafungwa, kila mmoja anaandika kwenye kipande cha karatasi yale aliyoyaelewa, kwa maneno yake, hata kwa Kiswahili, na chini anaandika alipokwama. Hakuna jina wala maksi. Nilizipitia ofisini nikinywa chai, karatasi 70 kwa muda wa kikombe kimoja, na kesho yake nilianzia pale wengi walipokwama. Wiki za mwanzo karibu wote waliandika "sina swali". Ilipita karibu muhula mzima ndipo maswali yakaanza kuja, kwa sababu walitaka kwanza wahakikishe hakuna atakayechekwa.

Mzazi naye si lazima ajue Baiolojia. Mtoto akisema amesoma, usimuulize usiku uleule, maneno bado yako mdomoni. Muulize kesho yake asubuhi mnapochambua mchele: nisimulie ulichosoma jana. Akikwama atajisikia mwenyewe, wewe huna haja ya kumsahihisha.

Kwa mjukuu wangu, siku iliyofuata nilinunua moyo wa mbuzi buchani, nikaupasua juu ya kibao cha jikoni. Akaingiza kidole upande wa kulia, kisha wa kushoto, akabinya kuta. "Bibi, huku ni kunene." Nikamuuliza kwa nini. Nilitarajia aanze kutiririsha daftari. Akasema, "Sijui. Ngoja." Akanawa mikono, akaenda kisimani, na aliporudi na ndoo kichwani alianza kusema kabla hajaitua: upande wa kushoto unasukuma damu mpaka miguuni, wa kulia unaipeleka kwenye mapafu tu, hapo jirani.

Kama yupo mwalimu anayetumia njia nyingine ya kuwafanya watoto wajipime, hasa mwenye madarasa makubwa kuliko yangu, namuomba aandike kwenye safu hii. Ningependa sana kusoma anavyofanya, na anafanyaje kwa yule wa dawati la nyuma.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga