Guka, Kishushe Kinanda Kutoka Juu ya Kabati

Guka,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ulivyotuzoesha. Miaka yote uliyofanya kazi ya reli ulikuwa ukisema kwamba barua ya Kiswahili husomeka kituo cha Voi kama isomekavyo kituo cha Kikuyu, na sisi wajukuu ukatutaka tukuandikie kwa lugha hiyo hadi tulipokuwa watu wazima. Hii naiweka hadharani kwa kuwa ninayotaka kukuambia yanawahusu pia binamu zangu, ambao sasa wametawanyika pembe zote. Nimemwomba Mama akusomee polepole, jioni, mkiwa mmeshazima redio.

Jumamosi iliyopita nilialikwa na mwuguzi mwenzangu katika shamba la wazazi wake, nje kidogo ya mji wa Dunkeld, katika jimbo la Perthshire hapa Uskoti. Mavuno ya shayiri yalikuwa yamekwisha, na wazazi hao walitaka kuwashukuru majirani waliowasaidia. Ghala lao ni la mawe, paa lake la vigae vyeusi. Mashine ya kuvunia ilikuwa imetolewa nje, sakafu ikafagiliwa, na kando ya kuta yakapangwa matita ya majani makavu yaliyofunikwa mablanketi ili watu wapate pa kukaa. Trela ya trekta ndiyo iliyokuwa jukwaa. Lakini kabla sijaona lolote kati ya hayo, nikiwa bado ninavuka ua gizani, nilisikia kinanda cha mkono, akodioni kama yako. Nilisimama, Guka. Ile sauti yake ya kuvuta pumzi kabla ya kuanza wimbo niliisikia mara ya mwisho sebuleni kwako, nikiwa darasa la pili.

Usiku wa namna hii wao huuita ceilidh, na hutamka "keili". Ni neno la Kigaeli, lugha ya kale ya milima na visiwa vya huku, na asili ya maana yake ni kutembeleana: majirani walikutana katika nyumba ya mmoja wao, wakaimba, wakasimulia hadithi, wakacheza. Juu ya trela walikuwa watu wanne: mpiga fidla, mpiga kinanda, mpiga ngoma ndogo, na mama mmoja mwenye kipaza sauti ambaye kazi yake ilikuwa kutaja hatua. Kabla ya kila ngoma huyo mama aliwapanga watu, akawapitisha katika mchezo mzima bila muziki, na muziki ulipoanza aliendelea kutaja kila hatua punde tu kabla haijafika, mpaka alipoona miguu imeshika, ndipo akanyamaza.

Ngoma ya kwanza inaitwa Gay Gordons, jina lililotokana na kikosi cha jeshi cha Gordon Highlanders. Wawili wawili huunda duara kubwa, huenda mbele hatua nne, hugeuka na kwenda kinyumenyume hatua nne, kisha mwanamke huzunguka chini ya mkono wa mwenzake. Niliitazama nikiwa nimekaa, na ndipo nilipoanza kukufikiria wewe kwa dhati. Ulikuwa ukituambia kwamba mwomboko, ngoma yetu ya Kikuyu ya kinanda, uliletwa na askari. Vijana wa Kikuyu waliotumikia King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, waliona jinsi Wazungu walivyocheza wawili wawili, wakaichukua dansi ile wakaifanya yao, wakaweka hatua mbili, kuinama na kugeuka, na juu ya kinanda wakaongeza karing'aring'a, kile kipete cha chuma kinachogongwa kwa kijiti cha chuma. Miaka ya 1940 ngoma hiyo ilikuwa imeenea Ukikuyu. Wapo wanaosema kwamba ina damu ya Kiskoti ndani yake, na sioni ajabu: misheni ya Waskoti ilifika Kikuyu mwaka 1898, na mahali pale mpaka leo panaitwa Thogoto, kwa kuwa ndivyo wazee walivyolitamka jina la wageni wale. Jambo hilo nililisoma zamani kama habari tu. Usiku ule nililiona kwa miguu ya watu.

Ngoma ya tatu sikuachwa nikae. Mzee mmoja mkulima, wa umri wako au pungufu kidogo, alinijia akanyoosha mkono bila maneno, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshikwa na msichana wa kama miaka kumi. Dashing White Sergeant huchezwa na watu watatu watatu, safu mbili zikitazamana, na safu hizo huzunguka ghala zima kama spoku za gurudumu. Sita hao hushikana mikono na kuzunguka hatua nane kushoto, nane kulia. Kisha aliye katikati humgeukia mwenzake wa kulia, wakacheza na kuzungushana, halafu wa kushoto, na baadaye wote watatu hupishana kwa njia ya umbo la nane. Mwishoni safu mbili husogeleana zikipiga miguu chini, hurudi nyuma zikipiga makofi, na hapo ndipo penye siri ya ngoma yote: safu moja huinua mikono, nyingine hupita chini yake, na kila safu hujikuta uso kwa uso na watu watatu wapya. Baada ya robo saa nilikuwa nimeshikana mikono na karibu kila mtu aliyekuwamo, kuanzia daktari wa mifugo hadi bibi aliyepika chakula, na hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi mpaka ngoma ilipokwisha.

Nilikosea mara nyingi. Kila nilipokwenda upande usio wangu, yule mzee aliniwekea vidole viwili begani, hakusukuma, aliviweka tu, na bega likajua pa kwenda. Kiganja chake kilikuwa kigumu, chenye ufa katikati ya kidole gumba, kama kiganja chako wakati wa palizi. Yule msichana hakukosea hata mara moja. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alinijibu kwamba ni shuleni, kwenye kipindi cha michezo, wiki chache kabla ya Krismasi, kama ilivyo desturi katika shule nyingi za huku.

Hapo ndipo penye neno langu, Guka. Sisi nasi tunafundisha ngoma shuleni. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kikundi cha shule kilichocheza mwomboko kwenye mashindano ya muziki. Tulifundishwa wiki sita, tukavalishwa sare, tukapanda jukwaani mbele ya waamuzi waliokuwa na karatasi za alama, tukashinda, tukarudi nyumbani, na tangu siku hiyo sijawahi kuicheza tena. Sijawahi kukukuta wewe ukiicheza mahali ambapo ningeweza kuingia na kushika mkono wa mtu. Mwomboko nimeuona kwenye sikukuu za taifa, wazee wakiwa wamevaa makoti yao, wageni wa heshima wakiwa wamekaa vitini wanatazama. Siidharau heshima hiyo. Lakini msichana yule wa Dunkeld anafundishwa ngoma ili aicheze kwenye harusi ya shangazi yake, na sisi tulifundishwa ili tutazamwe.

Wala usidhani kwamba wao hawakukaribia kupoteza za kwao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ngoma nyingi za Uskoti zilikuwa zinasahaulika, na mwaka 1923 wanawake wawili, Jean Milligan aliyekuwa mwalimu na Ysobel Stewart, walianzisha chama huko Glasgow cha kuzikusanya, kuziandika na kuzifundisha. Vinanda navyo vilikuwa na watu wake. Jimmy Shand, kijana wa machimbo ya makaa ya mawe kutoka Fife, aliacha mgodi akawa mpiga kinanda anayejulikana nchi nzima, na mwaka 1999 alipewa cheo cha Sir. Na ng'ambo ya mto kutoka Dunkeld, katika kijiji cha Inver, aliishi Niel Gow, mpiga fidla aliyezaliwa mwaka 1727 na ambaye tuni zake bado zinapigwa. Nimekutajia hawa kwa sababu walikuwa watu wa kazi za mikono. Gow alifunzwa ufumaji wa nguo. Wewe ulikuwa mtu wa reli.

Wakati wa mapumziko tulikula viazi vilivyopikwa taratibu pamoja na vitunguu na nyama, nikaenda kukaa karibu na mpiga kinanda. Nilimwambia habari zako. Alinivisha kinanda chake mabegani, na uzito wake ulinishangaza; sikujua kwamba ulikuwa ukiubeba mzigo wa namna ile usiku kucha. Mkanda wa ngozi wa mkono wa kushoto ulikuwa umelainika na kuwa mweusi pale mkono unapopita, na mahali pamoja ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Nilikumbuka kwamba cha kwako kilikatika pale pale, na kwamba ndiyo sababu uliyotupa ulipokiweka juu ya kabati. Sikuwahi kukuuliza kama kulikuwa na sababu nyingine. Mwaka ule ndio tuliomzika Cucu, bibi yetu, na mwomboko huchezwa na wawili.

Kama ndivyo, nisamehe kwa ninalokuomba, nawe una haki ya kukataa. Nitakuja nyumbani katikati ya Desemba, na binamu wote wameahidi kufika. Mjomba amekubali kuhamisha magunia ya mahindi kutoka kwenye stoo ya juu, ambayo ina sakafu ya simiti na inatosha watu thelathini. Hatutaki sare wala wageni wa kututazama. Tunataka utupange wawili wawili, ututajie hatua kama yule mama wa kwenye trela, na tukikosea utuwekee vidole begani. Karing'aring'a, kama ile ya zamani imepotea, fundi wa vyuma pale sokoni anaweza kuikunja kwa nusu saa ukimwonyesha upana wake.

Kuhusu mkanda, yule mpiga kinanda amesema atanikatia mwingine wa ngozi nzuri, mradi apate kipimo. Mwambie Mama akishushe kinanda, achukue uzi, aupitishe kutoka tundu la juu hadi la chini pale mkanda wa zamani ulipofungwa, mkono wako ukiwa ndani, kisha aunyooshe juu ya rula na kunipigia picha.

Mjukuu wako, Perthshire